Hesabu Zako Si Zako Hadi Uweze Kuzihamisha

Wahenga wetu walipotuusia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, walilichukulia daftari lenyewe kuwa kitu cha kutegemewa. Ukishaandika, umeandika. Kitabu cha karatasi chaweza kuliwa na mchwa, chaweza kunyeshewa au kuungua moto, lakini maadamu kipo, mwenye macho na mwenye kuijua lugha iliyotumiwa atakisoma. Hakuna mwuza madaftari aliyewahi kubisha hodi nyumbani kwa mtu na kumwambia kwamba kuanzia leo kitabu chako hakifunguki mpaka ununue kingine.

Hivi leo daftari la wengi wetu limehamia kwenye tarakilishi na simu. Mwalimu huandika humo mshahara wake, makato ya mkopo, hisa zake katika chama cha ushirika na karo ya watoto. Mwanafunzi wa chuo kikuu huandika humo mkopo wake wa masomo, kodi ya chumba na nauli. Je, daftari hili jipya lina uaminifu uleule wa lile la kale? Jibu langu ni kwamba halina, isipokuwa kwa sharti moja: mwenyewe awe na uwezo wa kuzitoa hesabu zake humo na kuzipeleka kwingine bila kumpigia mtu magoti. Asiyeweza kuzihamisha hesabu zake ni mpangaji tu katika nyumba anayodhani ni yake.

Mfano ulio wazi zaidi watoka Marekani. Kampuni ya Intuit, iliyoanzishwa huko mwaka 1983, ndiyo iliyoleta programu ya Quicken ya kuweka hesabu za nyumbani. Microsoft nayo ikaja na programu yake, Money, mwaka 1991. Kwa miaka mingi programu hizi mbili ziligombania wateja kama mafahali wawili katika zizi moja, na watu wakajaza humo kila hundi waliyoandika, kila mkopo waliochukua na kila senti waliyoweka akiba. Kisha mwaka 2009 Microsoft ikaacha kuiuza Money. Mwaka uliofuata ikatoa toleo la mwisho bila malipo ili wenye faili za zamani wapate kuzifungua, jambo ambalo ni la kupongezwa. Quicken nayo iliuzwa na Intuit mwaka 2016 ikapata wenyewe wapya.

Sisemi kwamba kampuni hizi zilitenda uovu. Biashara huanzishwa na biashara hufungwa, na hakuna sheria inayomlazimu mtu kuuza bidhaa milele. Swali langu lamhusu mteja. Mtu aliyeanza kuandika hesabu zake katika Money mwaka 1991 alikuwa na kumbukumbu za miaka 18 siku programu ilipoachwa kuuzwa. Kumbukumbu hizo zilikuwa ndani ya faili ambayo ukiifungua kwa programu ya kawaida ya kuandikia huoni maneno wala tarakimu, waona vinyangarika vya alama tu. Fedha alizitafuta mwenyewe, na hesabu aliziandika kwa mkono wake, lakini kufuli la sanduku alilolihifadhia lilikuwa la mtu mwingine.

Miongoni mwa makimbilio ya watu kama hao ni programu huria. Programu huria ni ile ambayo maagizo yake ya ndani yako wazi kwa kila mtu kuyasoma, kuyarekebisha na kuyasambaza. Mojawapo ni GnuCash, ambayo mbegu yake ilipandwa mwaka 1997 na toleo lake la 1.0 likatoka mwaka 1998. Programu hii haiuzwi, na yafanya kazi katika tarakilishi za Linux, Windows na macOS. Faili yake yaweza kuhifadhiwa kwa maandishi ya XML. Kwa kawaida maandishi hayo hubanwa ili faili iwe ndogo, lakini ukishayakunjua, majina ya akaunti zako na viasi vyake utayaona kwa macho yako mwenyewe, hata kama GnuCash yenyewe haipo.

Hata hivyo, kuhamia huko si sawa na kuhamisha kiti kutoka chumba kimoja hadi kingine. Ni kazi ya tafsiri, na hapa ndipo mtu wa isimu kama mimi anapopata la kusema. Kila programu ina lugha yake ya kuandikia hesabu. Ili hesabu zitoke katika programu moja na kuingia katika nyingine, sharti ipatikane lugha ya tatu ambayo pande zote mbili zinaielewa. Katika uwanja huu, lugha ya kale iliyoenea kuliko zote ni ile iitwayo QIF, iliyobuniwa na Intuit kwa ajili ya Quicken. Money iliweza kuitoa na GnuCash yaweza kuisoma.

Sarufi ya QIF ni nyepesi mno, kiasi kwamba mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kufundishwa kwa kipindi kimoja. Kila mstari waanza na herufi moja inayotaja aina ya habari inayofuata. Huu hapa muamala mmoja:

D14/03/2008
T-1,500.00
PDuka la vitabu
MKamusi
LElimu
^

Herufi D yaonyesha tarehe. T ni kiasi cha fedha, na alama ya kutoa mbele yake yaonyesha kwamba fedha zimetoka. P ni mlipwaji, M ni maelezo mafupi, na L ni fungu la matumizi. Alama ya mwisho ni kama nukta katika sentensi: yasema muamala umekwisha. Mtu asiyejua lolote kuhusu Quicken ataisoma habari hii na kuelewa kwamba tarehe 14 Machi mwaka 2008 kamusi ilinunuliwa kwa 1,500.

Lakini 1,500 za nini? Shilingi? Dola? QIF haisemi, kwani haina mahali pa kutaja sarafu. Ilitungwa na Wamarekani kwa ajili ya Wamarekani, na katika mazungumzo ya wenyeji lililo dhahiri halitajwi. GnuCash inapoisoma faili hiyo humwuliza mwenyewe sarafu iliyotumiwa. Mwalimu mwenye akaunti moja ya shilingi na nyingine ya dola, akijibu kwa pupa, atajikuta tajiri au maskini kwa kubofya mara moja.

La tarehe ni zito zaidi. Tulifundishwa shuleni kuanza na siku, kisha mwezi, kisha mwaka. Wamarekani huanza na mwezi. QIF haielezi ni utaratibu gani uliofuatwa. Programu ikikuta 14/03/2008 yatambua kwamba 14 haiwezi kuwa mwezi, na tatizo laisha. Ikikuta 05/03/2008 haina namna ya kujua kama ni tarehe 5 Machi au tarehe 3 Mei.

Tuchukue mwanachama ambaye kwa mwaka mzima alitoa mchango wake wa chama tarehe 5 ya kila mwezi, naye ana faili ya akaunti hiyo peke yake. Faili yake ina 05/01, 05/02, 05/03, hadi 05/12. Hakuna hata tarakimu moja inayozidi 12, kwa hivyo hakuna ushahidi wowote wa kuiongoza programu. GnuCash itamwuliza mwenyewe utaratibu wa tarehe zake. Akichagua ule wa Kimarekani, michango ya miezi 12 itasongamana ndani ya siku 12 za mwanzo wa Mei. Jumla ya fedha itakuwa ileile, senti kwa senti, na kwa sababu jumla imelingana ataridhika kwamba kazi imekwenda barabara. Siku atakapohitaji kuonyesha kwamba hakuwahi kukosa mchango hata mwezi mmoja, daftari lake litamshuhudia kinyume.

Kosa la namna hii lanikumbusha masaibu ya miswada yetu ya kale. Washairi wa Lamu, Pate na Mombasa waliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu kwa karne nyingi. Hati hizo, zilivyotumiwa zamani, hazikutofautisha baadhi ya sauti zetu: irabu e na i ziliandikwa kwa alama moja, vivyo hivyo o na u, na herufi ya ba iliweza kusimama badala ya b, p au hata mb. Aliyetaka kuihamisha tenzi kutoka hati hizo hadi hati za Kirumi hakuweza kubadilisha herufi kwa herufi kama mashine. Ilimpasa aijue lugha, aujue ushairi, na aghalabu amwulize mzee aliyeihifadhi tenzi hiyo moyoni. Maandishi yalikuwa kamili kwa aliyeyaandika, lakini msomaji wa baadaye hakuwa na ujuzi ule uliokaa kichwani mwa mwandishi.

Ndivyo ilivyo kwa hesabu. Tarehe 05/03 ilikuwa wazi kabisa kwako siku ulipoiandika. Baada ya miaka 15 ni fumbo, na wewe ndiwe mzee wa pekee wa kuulizwa. Lakini miswada yetu ilikuwa na neema moja ambayo faili nyingi za leo hazina. Hati za Kiarabu hazikuwa milki ya kampuni. Yeyote aliyejifunza kuzisoma aliruhusiwa kuzisoma, hata baada ya mwandishi, mnakili na mfadhili wake kwenda mbele ya haki.

Waliokuwa katika biashara hii waliyajua maradhi ya QIF. Ndiyo maana mwaka 1997 Intuit, Microsoft na CheckFree walileta lugha mpya iitwayo OFX. Humo tarehe huandikwa kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, bila mjadala. Sarafu hutajwa. Kila muamala hupewa nambari yake ya pekee, ili programu ikiletewa taarifa ileile mara mbili ijue kwamba huyu nimekwisha kumpokea. GnuCash yaisoma OFX pia. Hata hivyo, lugha hii ilitungiwa zaidi mawasiliano ya benki na mteja wake, na hesabu za kale zilizomo katika programu za zamani kwa kawaida hutoka kwa QIF au kwa jedwali la CSV.

Baada ya tarehe na sarafu kuna mtihani mwingine, nao ndio unaofunza zaidi. Quicken na Money zilimzoeza mtumiaji kugawa fedha zake kwa mafungu: chakula, nauli, karo, burudani. GnuCash hufuata uhasibu wa maingizo mawili, ule ambao mtawa Luca Pacioli aliueleza katika kitabu chake kilichochapishwa Venice mwaka 1494. Katika uhasibu huu fedha hazitoweki hewani. Kila senti inayotoka katika akaunti moja huingia katika nyingine, na akaunti zote ni za aina tano: rasilimali, madeni, mapato, matumizi na mtaji. Wakati wa kuhamisha, programu humwonyesha mwenyewe kila fungu la zamani na kumtaka athibitishe akaunti ya kuliweka.

Hapo ndipo mtu hugundua kwamba hajui fedha zake ni za namna gani. Chukua neno chama. Katika programu ya zamani mwalimu aliandika kila mchango wake chini ya fungu hilo moja. Lakini mchango wa mzunguko, ambao zamu yake ikifika atarudishiwa, ni rasilimali: wenzake wanamdai kwa leo naye atawadai kesho. Mchango wa matanga ya jirani ni matumizi, kwani haurudi. Na fedha alizotoa kununulia hisa za shamba la pamoja ni rasilimali ya namna nyingine kabisa. Neno moja, maana tatu. Akizitia zote katika matumizi, daftari litamwonyesha kuwa mtumiaji mbadhirifu, ilhali kwa kweli alikuwa mwekaji akiba hodari.

Mkopo nao una kitendawili chake. Malipo ya kila mwezi yanayokatwa mshaharani yana sehemu mbili: moja hupunguza deni, nyingine ni riba. Ya kwanza si matumizi, kwa kuwa kadiri fedha zinavyopungua ndivyo deni linavyopungua. Ya pili ni matumizi halisi. Aliyeandika yote kwa neno mkopo hakudanganya, ila hakusema vya kutosha. Nimesikia walimu wakilalamika kwamba wamelipa miaka nenda miaka rudi na deni haliishi. Huenda wana haki, huenda hawana. Bila daftari lililotenganisha riba na deni lenyewe, hawana namna ya kujua wala ya kumbana aliyewakopesha.

Kuna pia suala la uhamisho wa fedha baina ya akaunti zako mwenyewe. Ukitoa shilingi 5,000 katika akaunti ya mshahara na kuziweka katika akaunti ya akiba, muamala huo mmoja utatokea katika faili zote mbili za QIF, kule kama fedha zilizotoka na huku kama fedha zilizoingia. Jina la akaunti ya pili huandikwa ndani ya mabano ya mraba ili kuonyesha kwamba huo ni uhamisho. GnuCash hujaribu kuzioanisha pande hizo mbili, mradi imeletewa faili zote kwa pamoja. Ukiziingiza moja leo na nyingine mwezi ujao, wajitafutia hatari ya kuhesabu shilingi 5,000 kuwa 10,000.

Najua msomaji ameanza kujiuliza: ya nini taabu yote hii? Si afadhali mtu aandike salio alilo nalo leo, aanze upya, na ya kale yazikwe? Hoja hii ina uzito, nami siibezi. Mwanafunzi ambaye kumbukumbu zake ni za chai na mandazi ya miaka miwili hana haja ya kujikondesha kwa kuyahamisha. Kwake yatosha kuitoa historia hiyo katika faili ya CSV, kuiweka mahali salama, na kuanza daftari jipya kwa salio sahihi. Lakini mwenye mkopo unaoendelea, mwenye hisa zilizojengeka kwa miaka, mweka hazina wa chama, na anayekaribia kustaafu huku akihitaji kulinganisha makato ya miaka na malipo anayoahidiwa, hao historia ndiyo silaha yao. Salio peke yake ni dai tu. Miamala iliyolifikisha hapo ndiyo ushahidi wake.

Wengine watasema kwamba programu huria ni ngumu na hazina mtu wa kumpigia simu mambo yakiharibika. Kwa kiasi fulani ni kweli. GnuCash hudai mtu aelewe uhasibu kidogo kabla ya kumwelewa, na anayetaka programu ya kutumia bila kufikiri ataichoka upesi. Tena, programu huria nazo hufa watungaji wake wakichoka. Simpendekezei mtu yeyote aabudu jina huria kama hirizi. Ninachosema ni kwamba programu ya namna hii ikifa huacha nyuma faili inayosomeka na maagizo yaliyo wazi, hivyo mtu mwingine aweza kuufufua mlango. Programu iliyofungwa ikifa huzikwa na ufunguo wake.

Tusidhani pia kwamba haya ni ya Marekani peke yake. Tangu M-PESA ilipoanzishwa hapa Kenya mwaka 2007, sehemu kubwa ya fedha za mwananchi wa kawaida hupitia simuni. Taarifa ya miamala hiyo mteja huweza kuipata kwa faili ya PDF. Lakini PDF ni karatasi iliyovishwa nguo za tarakilishi: yafaa kwa macho, yafaa kuchapishwa, ila kuzitoa tarakimu zake na kuzitia katika daftari jingine ni kazi ya kukwangua. Na kuna programu nyingi za simu za kupanga matumizi ambazo humpokea mtu kwa tabasamu siku ya kuingia, na hazina hata kidude kimoja cha kubofya siku ya kutoka.

Sheria yetu haikulisahau jambo hili. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 38, yampa mtu haki ya kupewa data zake binafsi katika umbizo lenye mpangilio, linalotumika kwa kawaida na linalosomeka kwa mashine, na haki ya kuzipeleka kwa mwingine. Umoja wa Ulaya una kanuni inayofanana na hiyo iliyoanza kutekelezwa mwaka 2018. Lakini haki isiyodaiwa ni kama kisima kisichochotwa. Ni walimu wangapi wamewahi kuiandikia taasisi inayoshika fedha zao na kudai taarifa kwa CSV au OFX badala ya picha ya karatasi? Ni vyama vingapi vya ushirika vilivyoulizwa swali hili na wanachama wao katika mkutano mkuu wa mwaka? Tusipouliza, wenye programu watadhani hatujali, na watakuwa na sababu ya kudhani hivyo.

Kwa wale walio na hesabu katika programu za zamani, nina nasaha chache. Kwanza, zitoe hesabu hizo sasa, wakati ile tarakilishi kuukuu ingali yawaka. Kutoa hesabu ni kazi ya programu ya zamani, na mashine yake ikifa, programu mpya haitakufaa kwa lolote. Pili, hifadhi faili uliyoitoa kama ilivyo, usiiguse, na ufanyie majaribio nakala yake. Tatu, kama programu yakuruhusu kuchagua, andika mwaka kwa tarakimu nne. Nne, ingiza hesabu katika daftari la majaribio kabla ya daftari la kweli. Tano, linganisha salio la tarehe kadhaa za katikati na zile taarifa za benki za miaka hiyo. Salio la mwisho pekee, kama tulivyoona katika mfano wa chama, laweza kulingana huku kila tarehe imepotoka.

Kwa walimu wenzangu nina ombi kubwa zaidi. Shuleni mwetu Somo la Biashara hufundishwa chumba kimoja na Somo la Tarakilishi chumba kingine, na Kiswahili chumba cha tatu, kana kwamba fedha, mashine na lugha hazijuani. Zoezi moja la kuhamisha faili ndogo ya QIF lingeyakutanisha yote matatu. Mwanafunzi angejifunza tofauti ya deni na matumizi. Angejifunza kwamba data ina sarufi, na kwamba sarufi iliyofichwa ni mamlaka mikononi mwa mtu mwingine. Na angelazimika kutafuta maneno ya Kiswahili ya kuyaelezea hayo yote.

Hili la mwisho si ndoto. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice inayozungumza Kiswahili. Liliwezekana kwa sababu leseni ya programu hiyo iliruhusu yeyote kuitafsiri. Leseni ya GnuCash yaruhusu vivyo hivyo. Wanafunzi wetu wa isimu wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka wangeweza kuanza hapo: mweka hazina wa kikundi cha akina mama kule Kwale au Busia ataitaje rasilimali, dhima na salio la mwanzo kwa maneno ambayo wenzake watayaelewa mkutanoni? Hilo ni swali la kitaaluma lililo na faida ya papo hapo.

Kwa hivyo, msomaji, kabla juma hili halijaisha, fungua ile programu unayoandikia fedha zako, iwe ya simu au ya tarakilishi, utafute mahali pa kuzitolea hesabu zako. Ukipaona, zitoe, uifungue faili kwa programu ya kawaida ya kuandikia, na uangalie kama waweza kuzisoma tarehe na viasi vyako. Usipopaona, waandikie wenye programu uwaulize mlango wa kutokea uko wapi, na usiandike humo muamala mwingine mpaka wakujibu.